Flashi Mama

Mashine kumi na mbili za kompyuta ziliwaka kwa pamoja, na Inspekta Mwenze Stany, mtu aliyekwisha kuokota maiti katika mashimo ya mgodi wa Mashamba bila kupoteza hamu ya chakula, alijikuta akitafuta mahali pa kuweka mikono yake.

"Ngojeni picha ya sikio," alisema mwalimu Kalenga kutoka mlangoni. Alikuwa mama wa makamo, mwalimu wa mwaka wa nne, mwenye sauti iliyozoea kuamuru, lakini asubuhi hiyo sauti yenyewe ilikuwa imenywea. "Sikio ikifika, itasema. Mi natoka, Chef. Munisamehe."

Akatoka kweli, akauvuta mlango nyuma yake.

Mvua ilikuwa ikipiga bati tangu alfajiri. Darasa lilikuwa la zamani, la enzi zile kampuni ya madini ilipojenga mtaa wa Dilala kwa matofali na kuwachagulia watu hata rangi ya milango yao. Sasa madirisha mengi yalikuwa yamezibwa kwa mbao, na mwanga ulikuwa ule wa skrini tu. Herufi zikapita, zikapita tarakimu, kisha kwenye kila skrini likachorwa polepole sikio moja kubwa la waridi.

"Mama Joyeuse," akasema mwanamume. "Mama Joyeuse, mi niko huku. Fungula."

Alisema mara kumi na mbili, maana mashine hazikwenda sawa. Moja ilitangulia, nyingine ikafuata, na sauti ikazunguka chumba kona hadi kona, kama mtu anayejaribu milango ya nyumba moja baada ya nyingine. Ilikuwa sauti iliyochoka, ya mtu aliyekwisha kuomba sana. Kisha kengele ndogo ikalia, na msichana wa programu akasema kwa uchangamfu kutoka pande zote: "Vizuri sana! Sasa na wewe, sema!"

Mwenze hakusema. Alisimama pale mpaka skrini zikahamia kwenye hesabu za kujumlisha.

Sauti ilikuwa ya Polycarpe, mlinzi wa shule, na hilo halikuwa na ubishi. Mkewe Ernestine, ambaye mtaa mzima humwita Mama Joyeuse kwa jina la binti yake wa kwanza, aliitambua Jumanne alipoletwa na mayowe ya watoto, akaanguka pale pale barazani. Polycarpe hakuwa ameonekana tangu Jumapili. Leo ilikuwa Alhamisi, mwili hakuna, na marehemu, kama ni marehemu, anamwita mkewe kutoka ndani ya flashi.

Inafaa ieleweke kwamba mashine zile hazikuwa na ubongo. Zilikuja kutoka Ulaya ndani ya konteina, zawadi, na waliozitoa waling'oa diski zote kwanza. Zawadi nyingine ndivyo zilivyo. Kila mashine iliishi kwa flashi iliyochomekwa ubavuni. Humo ndimo mlimokuwa na mfumo wa kuiwasha, na herufi, na hesabu, na ramani, na michezo ya kusoma. Ichomoe, umebaki na sanduku. Na flashi zote zilitengenezwa na mkono mmoja, wa Ngeleka, fundi wa shule, mtoto wa karani aliyetoka jimbo la Kasai.

Hapo ndipo balaa lilipokaa. Mwaka ule bei ya kobalti ilikuwa imeporomoka, kampuni zimefunga mageti, askari wamewafukuza wachimbaji wa mikono kutoka Mashamba hadi Musonoi, na amri ilikuwa imetoka: nyumba yoyote ikikutwa na shimo la kuchimbia madini ndani, familia nje, nyumba chini. Mji ukikosa chakula hutafuta wa kumlaumu, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hata kama babu yake mgeni huyo ndiye aliyechimba mgodi wenyewe. Wazee waliikumbuka miaka ya tisini, Wakasai walipofukuzwa wakalala na watoto wao penye reli wakingoja mabehewa, wengine wasiamke. Vijana hawakuikumbuka, ndiyo maana walitaka kuionja. Tangu jana lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya Ngeleka, ng'ambo ya uwanja wa shule, na magodoro yameshapakiwa chini ya turubai. Walimwambia wazi: mvua ikikatika, unaondoka na watu wako, usipoondoka, tunachoma.

Mwenze, basi, alikuwa na muda wa mvua. Alitazama juu kwenye bati, akaiomba iendelee.

Mlango ukafunguliwa, na mkurugenzi wa shule, Tharcisse, akaingia akikung'uta mwavuli. Alikuwa mtu wa kunyooka, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo.

"Umesikia, Tata Inspekta?"

"Nimesikia."

"Bon. Mi nalomba kintu kimoja. Tuchome maflashi yote mbele ya batu, bamalize woga. Kila asubuhi ni ile ile. Anagonga, anagonga, anaita bibi yake. Batoto banakojoa pa kiti. Hii ni masomo ao ni makaburi?"

"Flashi ni ushahidi, Directeur. Haichomwi."

"Ushahidi ya bulozi?"

"Ushahidi ya kitu sijakijua bado," alisema Mwenze. "Unipeleke pa depo."

Barazani watu walikuwa wamejikunyata kuikwepa mvua, wanaume wengi, na wachache wao walikuwa na madumu miguuni ambayo Mwenze hakuhitaji kuyanusa ili ajue yana nini. Katikati yao alikaa Ernestine juu ya kizingiti cha mlango, kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa amesikia.

"Habatachoma," alisema, bila kumtazama mkurugenzi. "Kama iko mule, mukichoma munamuua mara ya pili."

Tharcisse akatangulia kuelekea depo.

Depo, stoo ya shule, ilikuwa chumba cha mwisho cha jengo, karibu na ukuta wa nyumba ya mkurugenzi. Ngeleka alikuwa humo chini ya ulinzi tangu asubuhi, kwa usalama wake mwenyewe. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja, na alisimama mara tu Mwenze alipoingia. Mwenze akamwambia mkurugenzi akamngoje nyumbani kwake, akafunga mlango.

"Fungulo ya hapa iko kwa nani?"

"Mbili, Chef. Moja iko kwangu. Moja ya Directeur."

"Polycarpe?"

"Ye alikuwa analinda inje. Ya ndani, hapana."

"Mulikosana na Polycarpe."

Ngeleka hakukana. "Alisema nirudi kwetu. Nikamuuliza kwetu ni wapi, mi nilizaliwa hapa Kolwezi. Akacheka. Nikacheka na mi. Njo ile tu."

"Batu bameshakufa juu ya kidogo kuliko ile."

"Najua, Chef. Bibi yangu iko ndani ya lori sasa."

Mwenze akatazama chumba. Meza, mashine ya kumi na tatu, kabati la ramani lililojaa mavumbi. Pembeni, bomba la plastiki la kijivu lilitoka sakafuni na kuishia usawa wa kiuno, mdomo wazi. Juu ya mdomo huo fundi alikuwa ametundika kipaza sauti kwa waya wake, kama mtu anavyotundika kofia penye msumari.

"Uniambie namna munatengeneza hii kintu. Polepole. Mi ni mutu wa bunduki."

Ngeleka akatoa kifuani flashi iliyofungwa kwa uzi. "Hii tunaiita Mama. Naipanga yenye peke yake, natia mufumo, natia masomo, najaribu mpaka inaamka bila kosa. Kisha nainakili pa zingine. Si kufungua kintu kimoja kimoja, hapana. Yote, nukta kwa nukta, ata bile haujue kama biko mule. Mama akiwa na homa, batoto bote banazaliwa na homa."

"Uliinakili siku gani?"

"Siku ya kwanza, Jumatatu asubuhi. Siku ya posho, Jumamosi, nilikuwa naijaribu pa hii machine. Nilikuwa nimeipanga iende moja kwa moja pa zoezi ya sauti, juu nipime micro, ile kipaza sauti. Courant ya umeme ikakatika. Nikaenda nyumbani, nikaacha Mama mule."

"Na Jumatatu?"

Ngeleka akarekebisha miwani. "Nilikuta machine inawaka."

"Nani aliiwasha?"

"Nilizani ni Directeur."

"Ulimuuliza?"

"Hapana."

Lilikuwa jibu baya, na Ngeleka alijua ni baya. Funguo mbili, watu wawili, na mmoja wao ndiye aliyekuwa na ugomvi, na ujuzi, na flashi shingoni. Afisa mvivu angemaliza kazi hapo hapo na kwenda kula ugali wa bukari. Mwenze aliinama, akachomoa waya wa umeme ukutani. Skrini ikafa. Akahesabu kimoyomoyo, akauchomeka tena, na wala hakugusa kitufe chochote.

Mashine ikakohoa. Taa ya kijani, feni, maandishi ya kuomba flashi, na mashine ikajiamkia yenyewe kama mgonjwa aliyeitwa jina.

Ngeleka alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani.

"Hapana mutu aliyewasha," alisema Mwenze. "Courant ilirudi Jumapili, ikaamka yenyewe, ikaenda pa zoezi yako ya sauti. Ile zoezi inafanya nini?"

"Inangoja mutoto aseme. Ikisikia kelele, inashika. Kelele ikiisha, inaacha." Alilamba midomo. "Halafu machine ikiamka tena, inacheza kipande kifupi, penye maneno, juu mutoto ajisikie. Kipande tu. Yote inabakiaka ndani."

"Ndani ya Mama."

"Ndani ya Mama, Chef."

"Ichomeke. Unipe ecouteurs, halafu utoke ukasimame na madame Kalenga."

Alipobaki peke yake alivaa vile vipaza vya masikioni, akabonyeza alipoonyeshwa.

Kwanza ilikuwa kugonga. Chuma juu ya jiwe, mbali, chini: tatu. Kimya. Tatu. Kimya. Nyuma yake, mbali zaidi, watu waliimba wimbo wa kanisa, na kila kugonga kuliposikika wimbo ulivuma zaidi, kisha ukashuka tena.

Mwenze alizaliwa Musonoi, na kaka zake wawili waliishi kwa sururu. Hakuna haja ya kumfundisha mtoto wa Musonoi maana ya tatu na kimya. Ni mtu aliyefungiwa na udongo, yu hai, anauliza kama kuna mtu juu. Aliye juu akisikia, anajibu tatu. Akishajibu amekula kiapo: hali, halali, haondoki penye shimo mpaka amtoe mwenzake, awe mzima au maiti. Hata mahasimu huiheshimu. Ndiyo maana wengine, wakijua hawana nguvu ya kuchimba, hupita kimya wakijifanya viziwi.

"Mama Joyeuse," sauti ikasema, kwa mwangwi wa kitu chembamba kirefu. "Mama Joyeuse, mi niko huku. Fungula." Kisha maneno ambayo watoto hawakuyasikia: "Mutu yoyote. Ni mi, Polycarpe. Udongo imefunga nyuma. Hewa iko, kidogo."

Tatu. Kimya. Wimbo.

Kitasa kikageuka. Mlango wa depo, mlango huu huu, ukalia bawaba. Hatua zikaja, zikasimama karibu sana na masikio ya Mwenze hata akageuka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu, kabati tu.

Ko, ko, ko. Juu ya plastiki. Mtu alikuwa amejibu.

Chini, Polycarpe alilia kwa furaha, kilio cha mtu mzima aliyesahau aibu. "Asante," alisema. "Asante, tata. Nilijua utakuja."

Aliye juu hakutamka neno. Alihema kwa pua. Kisha kikasikika kitambaa kikisukumwa, kikikwama, kikisukumwa tena, na kila kiliposukumwa sauti ya chini ilirudi nyuma, chumba cha pili, nyumba ya pili, mtaa wa pili, ikawa bado inashukuru. Mwishowe ukabaki wimbo peke yake, na wimbo ulipokwisha mashine iliridhika kwamba mwanafunzi amemaliza kusema.

Mwenze alivua vile vipaza. Alikwenda penye bomba. Nyumba za kampuni zilijengwa kwa mabomba ya chuma, kila mtu Dilala anajua. Plastiki hii haikuwa ya kampuni wala ya choo. Alitia mkono mpaka kwapani, hakufika. Akavunja waya wa ufagio uliokuwa mlangoni, akaukunja ncha, akavua nao kama ndoano, mara ya kwanza, ya pili, mpaka kikaja kitambaa kirefu kizito chenye chaki, cha kufutia ubao. Nyuma yake hewa baridi ilipanda na harufu ya udongo uliochimbwa: bomba lilikuwa la kupitishia hewa shimoni.

Akatoa pingu, akagonga nazo ukingo wa bomba. Tatu.

Aliweka sikio. Alisikia damu yake mwenyewe ikipita. Akagonga tena, na akangoja muda mrefu kuliko ilivyo desturi, akisema moyoni, jibu, baba, jibu hata moja. Chini palikuwa kimya. Juu, mvua ilianza kupungua.

Akafungua mlango. "Madame Kalenga. Batoto balisikia kugonga?"

"Kugonga? Hapana, Chef. Jina ya Mama Joyeuse na fungula. Tena njo basi."

"Hakuna hata mumoja alisema kugonga?"

"Hapana. Mi mwenyewe nimesikia siku tatu. Hakuna."

"Ngeleka, ingia." Akamweka mbele ya meza, kipaza kimoja amekishika sikioni mwake mwenyewe. "Jumapili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Mu kanisa. Ile ya nyuma ya ukuta hapa. Mi njo naongozaka chorale, ile kwaya."

"Muliimba nini kisha mahubiri?"

Ngeleka alimwangalia kama mwendawazimu, lakini alikohoa, akaanza, kwa Kiluba cha kwao, mstari wa kuongoza ambao mtu mmoja huutupa na wengine huudaka. Mwenze akabonyeza. Sikio moja lilimsikia Ngeleka wa Alhamisi, karibu. Sikio jingine Ngeleka wa Jumapili, mbali, nyuma ya hatua zinazoingia depo. Koo moja, mpasuko ule ule kwenye noti ya juu.

Funguo mbili. Mwenye ufunguo mmoja alikuwa anaimba.

"Inatosha," alisema Mwenze.

Nyumba ya mkurugenzi ilikuwa na jiko kubwa la kizamani. Mke na watoto walikuwa wametumwa kwa shangazi tangu Jumapili jioni, alieleza Tharcisse akimkaribisha kiti, kwa sababu ya ile hofu. Magunia ya makaa yalikuwa yamepangwa katikati ya sakafu, si penye ukuta ambako kila mtu hupanga makaa.

"Sitakaa," alisema Mwenze. "Ulisema Polycarpe anagonga."

"Nani?"

"We. Asubuhi, mu darasa. Anagonga, anagonga, anaita bibi yake."

"Batoto banasema."

"Batoto habakusikia kugonga. Machine haibapatie kugonga, inabapatia maneno tu. Kugonga iko ndani ya Mama, na mi njo mutu wa kwanza kuisikia leo." Akaweka kitambaa cha chaki juu ya meza. "Nimekosea. Mi ni wa pili."

Tharcisse alikitazama kile kitambaa. Alifungua kifungo cha shingo, akabaki amekishika.

Mwenze alianza kuondoa magunia mwenyewe. Chini ya la tatu palikuwa na mbao, na chini ya mbao shimo la mraba, lililochongwa vizuri, ngazi za miguu pande mbili. Lilishuka, kisha lilipinda kuelekea shule. Penye mpindo udongo ulikuwa umejaa mpaka juu.

"Tulianza pamoja," alisema Tharcisse nyuma yake. "Mushahara hakuna, unajua. Ye anachimba, mi nauzisha. Dimanche, Jumapili ile, shimo ikaanguka. Nilisikia bomba ikiita."

"Batu kumi bangemutoa."

"Batu kumi bangeona shimo. Amri umeisoma. Nyumba ingelala chini siku ile ile, na batoto bangu inje mu mvua kama..." Hakumaliza. Labda aliona lori kupitia dirisha, kama alivyoliona Mwenze.

"Kama batoto ya Ngeleka."

Mkurugenzi aliligeuzia dirisha mgongo.

"Iko kintu kimoja sielewe," alisema Mwenze, akitoa pingu. "Juu ya nini ulimujibu? Ungeziba tu."

"Sikutaka. Mukono ulijibu mbele ya kufikiri." Alinyoosha mikono ifungwe, na ndipo akaanza kulia. "Alisema asante, Chef."

Walipotoka nje, mvua ilikuwa imekatika.

Watu walikuwa wameshaingia uwanjani, madumu mkononi. Dereva alikuwa amewasha lori. Mushiya, mke wa Ngeleka, alikaa juu ya mizigo na watoto mapajani, uso umefungwa kama mlango. Mwenze alimfungia Tharcisse ndani ya depo, na kelele zikaanza: kwa nini Directeur, kwa nini si mlozi, polisi amelishwa hongo. Neno peke yake halingetosha, aliona hivyo. Watu hawa walikuwa wamesikia sauti, wangeamini sauti.

"Ngeleka, toa machine na spika kubwa hapa barazani. Tunacheza yote."

Ngeleka aliomba aisikie kwanza. Alivaa vipaza, akainama. Mwenze alimwona akitikisa kichwa taratibu, kisha akakoma. Alipovivua uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Usicheze, Chef. Acha twende."

"Hii njo inakuokoa."

"Umesikia vile wimbo inapanda?"

"Nimesikia. Kila akigonga."

"Njo siye." Alisema kwa sauti ya chini sana. "Tulisikia kintu inagonga chini ya maguu. Basoprano bakaanza kuchekana. Tulizani ba-creuseur, bale bachimbaji, njo vile banafanyaka kila siku. Nikanyanyua mukono, nikabaambia bapandishe sauti. Juu tusiwasikie." Akatazama upande wa Ernestine. "Atanisikia mi, Chef. Atasikia bwana yake analia na mi naimba juu yake. Heri lori."

Mwenze alifikiri. Bila wimbo, fundi huyu ni mlozi, na nyumba yake itawaka. Pamoja na wimbo, hana hatia mbele ya sheria, na sheria haikai Dilala usiku. Akamwita Ernestine, akamweleza palepale mbele ya wote, bila kuficha, atasikia nini. Akamwuliza kama anataka.

"Acha iseme," alisema Ernestine.

Ikasema. Uwanja mzima ukasimama. Kugonga, wimbo, kugonga, wimbo. Jina lake. Mlango, hatua, jibu. Asante. Wanaume wenye madumu walitazama ardhi. Wimbo ulipovuma mara ya mwisho, kijana mmoja alimnyooshea Ngeleka kidole, akasema kwa sauti: "Balimusikia. Ba-Kasai balimusikia, bakaimba."

Ngeleka alivua miwani, akaishika mkononi.

"Na we?" Ernestine alimwuliza yule kijana. Alisimama, akiushika mlango. "Unalala nyuma ya kanisa pale. Dimanche haukusikia?"

Kijana akateremsha kidole.

"Mi mwenyewe nilisikia," alisema Ernestine. "Nilikuwa nafula manguo. Ilikuwa inagonga chini ya beseni yangu, maji inatetemeka. Nilikasirika. Nikasema, bale ba-creuseur habapumuzikake ata siku ya Mungu. Nikahamisha beseni."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kila mmoja alikuwa mahali fulani Jumapili ile, na sasa kila mmoja alikuwa anakumbuka ni wapi.

Ernestine alishuka ngazi, akavuka matope mpaka penye lori. Alifunua turubai, akashika pembe ya godoro kulishusha.

"Muzime moteur," alimwambia dereva. "Na banaume, mukamate ma pelle ya kuchimba, mwende mumutoe bwana yangu."

Mushiya aliwasogeza watoto pembeni, akashuka, na akashika upande wa pili wa godoro.